Historia ya Kuchagua Kihariri cha Msimbo: Afrika Mashariki Ikitazamwa kutoka Mwankoko, Singida

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya vihariri vya msimbo, yaani programu za kompyuta ambazo watengenezaji wa tovuti na watunzi wa programu huzitumia kuandikia kazi zao. Historia hiyo inatazamwa kutoka kata ya Mwankoko katika Manispaa ya Singida. Maandishi mengi kuhusu zana hizi huuchukulia uchaguzi wa kihariri kuwa suala la ladha ya mtumiaji. Makala inadai kuwa katika mazingira kama ya Mwankoko uchaguzi huo huamuliwa zaidi na wembamba wa njia ya mawasiliano, mashaka ya umeme, uwezo wa mashine na lugha. Na kwamba baadhi ya masharti hayo ndiyo yaliyovizaa vihariri vya mwanzo huko Marekani. Mfano unaochunguzwa kwa kina ni kihariri cha Vim, ambacho historia yake inapita katika mji mdogo wa Kibaale, kusini mwa Uganda.

1.0 Utangulizi

Mwankoko ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Singida, katika ukanda mkavu wa katikati ya Tanzania. Eneo hilo ni la Wanyaturu, na uchumi wake umejengwa juu ya kilimo cha mtama, uwele na alizeti pamoja na ufugaji. Katika shughuli za umma jina la Mwankoko hutajwa zaidi kwa sababu ya maji, kwa kuwa visima virefu vilivyochimbwa huko ni miongoni mwa vyanzo vinavyouhudumia mji wa Singida. Katika historia ya kompyuta halitajwi. Hilo si ajabu: historia ya vihariri imeandikwa kwa kuwafuata wavumbuzi, na wavumbuzi walikuwa New Jersey, Berkeley na Cambridge ya Massachusetts. Mtumiaji huingia katika historia hiyo mwishoni, akiwa tarakimu katika hesabu ya waliopakua programu.

Makala hii inageuza mwelekeo huo. Inaanza na mtu anayetakiwa kuchagua, aliye mbali na kiwanda cha zana, mwenye kompyuta iliyokwisha kutumiwa na wengine na bando la intaneti linalopimwa kwa megabaiti. Swali linaloongoza uchambuzi ni hili: ni mambo gani ya kihistoria yaliyoufanya uchaguzi wake uwe mpana au finyu? Swali hili lina uzito wa kivitendo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na chenye ndaki nzima ya kompyuta, kiko umbali wa kilomita 240 hivi kutoka Singida. Mwanafunzi anayetoka katika kata kama Mwankoko hufika huko akiwa ameshazoea zana fulani au hajazoea yoyote, na tofauti hiyo huonekana tangu wiki ya kwanza ya mazoezi.

2.0 Istilahi

Istilahi inayotumika hapa ni kihariri cha msimbo. Kitenzi hariri kimekuwapo muda mrefu katika fani ya uandishi wa magazeti na vitabu, na mtendaji wake ni mhariri. Ngeli za Kiswahili zinafanya hapa kazi ambayo Kiingereza hakiwezi kuifanya. Kiingereza humwita mtu na chombo kwa neno moja, ilhali Kiswahili humweka mhariri katika ngeli ya watu na kihariri katika ngeli ya vitu, pamoja na kisu, kijiko na kinu. Aghalabu vijana wa mijini husema tu "edita", na neno hilo linaeleweka. Hata hivyo, utengano wa mtu na chombo unafaa kuhifadhiwa katika maandishi ya kihistoria, kwa kuwa hoja ya makala hii inahusu uhusiano baina ya hao wawili.

Kihariri cha msimbo hutofautiana na programu ya kuchapia barua. Barua inahitaji mwonekano: herufi nene, pambizo, kurasa. Msimbo unahitaji herufi tupu, zilizohifadhiwa kama zilivyo, bila pambo lolote ambalo kivinjari au mkalimani wa lugha ya programu hatalielewa. Mwanafunzi anayeandika ukurasa wake wa kwanza wa wavuti kwa programu ya barua hugundua jambo hili kwa uchungu, pale nukuu zilizopindwa kwa urembo zinapouharibu ukurasa mzima.

3.0 Kutoka Hazina hadi Mkongo wa Taifa

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mashine za wakati huo hazikuwa na kihariri kwa maana ya leo. Maagizo yalitobolewa katika kadi na kupelekwa kwa mafungu. Miaka tisa baadaye historia ilichukua mkondo ambao wanafunzi wa sasa huusikia kwa mshangao: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ni rahisi kuicheka amri hiyo leo. Lakini ilitolewa baada ya mpango wa kuingiza hesabu za Serikali katika kompyuta kuleta hasara na vurugu, wakati fedha za kigeni zilikuwa adimu na nchi ikiendesha operesheni ya kuwahamishia wananchi katika vijiji vya maendeleo. Kwa mtawala wa mwaka 1974, kompyuta ilikuwa gharama ambayo faida yake haijaonekana.

Athari ya marufuku hiyo kwa mada hii ni ya kiwakati. Muongo wa 1970 ndio uliovizaa vihariri viwili vilivyoweka misingi ya vingine vyote. Wakati vyuo vya Marekani vilipokuwa vikilea kizazi cha kwanza cha watu walioandika msimbo wakiukabili uso wa skrini, Tanzania ilikuwa imefunga mlango. Masharti yalilegezwa taratibu katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na intaneti ikaingia nchini katikati ya muongo huo wa 1990. Kwa hiyo watumiaji wengi wa Kitanzania walirithi vihariri vikiwa vimekwisha kukomaa, pamoja na mazoea ambayo sababu zake hawakuzishuhudia.

Hatua zilizofuata zinafahamika vyema na hazihitaji kurefushwa. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Dar es Salaam mwaka 2009, ukafuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010, na katika kipindi hicho ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaiunganisha mikoa, Singida ikiwamo. Kabla ya hapo mawasiliano ya nje yalipita katika satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kuchelewa. Ieleweke kwamba mkongo kufika makao makuu ya mkoa si sawa na intaneti kufika katika nyumba ya mtu wa Mwankoko. Huko sehemu ya mwisho ya safari hufanywa na mnara wa simu, na malipo hufanywa kwa bando.

4.0 Njia nyembamba: asili ya vi

Kihariri cha kwanza cha mfumo endeshi wa Unix kiliitwa ed. Kiliandikwa na Ken Thompson katika maabara za Bell mwaka 1969, na kilikusudiwa mashine za kuchapa zilizotoa maandishi katika karatasi. Mtumiaji hakuuona waraka wake. Aliutaja mstari kwa namba, akaamuru ubadilishwe, kisha akaomba uchapwe ili ahakikishe. Alipokosea, ed ilimjibu kwa alama moja tu ya kuuliza. Ukavu huo ulikuwa na sababu. Kila herufi iliyochapwa iligharimu muda na karatasi.

George Coulouris wa Chuo cha Queen Mary, London, aliirekebisha ed kuwa em, akiikusudia watu wa kawaida wasio na subira ya mabingwa. Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley, aliiona kazi hiyo, akaiendeleza kuwa ex, na mwaka 1976 akaanza kuipa sura ya kuonekana katika skrini nzima, ambayo ilipata jina la vi. Mazingira ya kazi yake ndiyo yenye maana zaidi kwa msomaji wa Singida. Joy alifanya sehemu ya kazi hiyo akiwa nyumbani, kwa modemu ya baudi 300. Njia ya namna hiyo hupitisha takriban herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ina nafasi 1,920. Kuijaza yote kungechukua zaidi ya dakika moja. Kihariri kilichotaka kuichora skrini upya kwa kila badiliko kisingevumilika.

Kutokana na ufinyu huo zikazaliwa tabia za vi ambazo humshangaza mwanafunzi wa leo. Amri ni herufi mojamoja: x hufuta herufi, dd hufuta mstari, u hutangua. Kuna hali mbili, ya kuamuru na ya kuandika, ili herufi zilezile zitumike kwa kazi mbili. Mishale ya kusogea ni h, j, k na l kwa sababu terminali ya ADM-3A aliyoitumia Joy ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya vibonye hivyo. Kitufe cha kutoka katika hali ya kuandika, ambacho leo kiko mbali pembeni, katika terminali ile kilikaa karibu na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kinachoonekana kuwa ukaidi wa wataalamu kilikuwa, kwa asili yake, ubahili uliolazimishwa na modemu.

Mwaka huohuo wa 1976, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Richard Stallman na Guy Steele walikusanya maagizo mbalimbali ya kuhariri na kuyafanya Emacs. Wao walikuwa na mashine kubwa na muunganisho wa haraka wa ndani ya jengo, na Emacs ikakua kwa kadiri ya nafasi iliyopewa. Mabishano kati ya wafuasi wa vi na wa Emacs yamesimuliwa mara nyingi kama mzaha wa kikabila. Msomaji akiyatazama kutoka Mwankoko anaona kitu kingine: mahali penye njia pana na mahali penye njia nyembamba palizaa zana tofauti, hata ndani ya nchi moja tajiri.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba vihariri vyepesi ni vya wakati uliopita, au kwamba anayevitumia kijijini anatumia masalio. Mtu anayesimamia tovuti iliyohifadhiwa katika seva ya mbali, kwa muunganisho wa simu unaokatikakatika, yuko katika hali iliyo karibu na ya Joy kuliko ya mfanyakazi wa kampuni kubwa ya leo mwenye nyaya za kasi. Anaweza kuingia katika seva, kufungua faili kwa vi, kurekebisha mstari mmoja na kutoka, na kiasi cha data kilichopita njiani kikawa kidogo sana. Kihariri hichohicho huweza kuendeshwa ndani ya simu ya Android kwa kutumia programu ya Termux. Kwa asiye na kompyuta, hilo ni tofauti kati ya kuanza na kutoanza, ingawa kibodi ya kioo ni adhabu kwa vidole.

5.0 Umeme na kazi iliyopotea

Sharti la pili ni umeme. Wakala wa Nishati Vijijini ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, na katika miaka iliyofuata nyaya zimesambazwa katika maeneo mengi ambayo hapo awali yalitegemea taa za mafuta. Lakini kuunganishwa si sawa na kuwa na uhakika. Ukame wa mwaka 2006 uliyapunguza mabwawa na kuleta mgawo mkali wa umeme nchi nzima. Mgawo ulirudi mwaka 2011, na tena mwaka 2023. Kompyuta ya mezani, au kompyuta mpakato ambayo betri yake imekufa, huzimika umeme unapokatika, na pamoja nayo huzimika kila kilichoandikwa bila kuhifadhiwa.

Hapa tofauti za vihariri zina matokeo yanayohesabika kwa saa za kazi. Notepad, iliyokuja bure ndani ya Windows na ambayo kwa wengi ilikuwa kihariri cha kwanza cha kutengenezea tovuti, kwa miaka mingi haikuwa na kinga yoyote dhidi ya janga hilo. Warithi wa vi walikuwa nayo tangu mapema. Vim, ambayo itajadiliwa katika sehemu inayofuata, huweka faili la pembeni ambalo, kwa mpangilio wake wa kawaida, huandikwa katika diski kila baada ya herufi 200 au mtumiaji anaponyamaza kwa sekunde 4. Umeme ukirudi, mtumiaji hufungua faili lake, huambiwa kuwa kuna nakala ya uokozi, na hurudishiwa karibu kila kitu. Katika mabaraza ya watumiaji wa nchi zenye umeme wa uhakika faili hilo la pembeni hulalamikiwa kama uchafu, na maelekezo ya namna ya kulizima yamejaa. Maelekezo hayo huigwa na vijana wa Afrika Mashariki pamoja na mipangilio mingine ya kupendezesha skrini. Anayeiga bila kujua sababu hujivua kinga ambayo yeye anaihitaji kuliko aliyemwandikia.

Haki inadai kusema kwamba vihariri vipya vimelifanyia kazi tatizo hili. Visual Studio Code iliongezewa mwaka 2016 utaratibu wa kukumbuka maandishi ambayo hayajahifadhiwa. Kwa kipengele hiki peke yake mtumiaji wa leo hana sababu ya kurudi nyuma miaka 40.

6.0 Kibaale: Afrika Mashariki katika skrini ya kwanza

Vim ni kazi ya Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeanza kwa kuiga vi katika kompyuta yake ya Amiga. Toleo lake la kwanza la hadhara lilitoka mwaka 1991. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kufanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja katika Kituo cha Watoto cha Kibaale, wilayani Rakai, akishughulikia maji na usafi wa mazingira. Inafaa kukumbuka, kwa msomaji wa Mwankoko, kwamba mtu aliyeandika kihariri hiki aliijua Afrika Mashariki kwanza kwa njia ya maji.

Rakai haikuwa mahali pa kawaida. Iko mpakani, ikitazamana na mkoa wa Kagera. Majeshi ya Tanzania yalipita katika ukanda huo mwanzoni mwa mwaka 1979 yakielekea Masaka na baadaye Kampala. Miaka michache baada ya vita, katika vijiji vya wavuvi na wachuuzi vya mwambao wa ziwa kama Kasensero, ulitambuliwa ugonjwa ambao wenyeji waliuona ukiwakondesha watu hadi kufa, nao ulikuja kujulikana kuwa UKIMWI. Wilaya ikajaa yatima. Kituo cha Kibaale kiliwahudumia kwa shule, zahanati na chakula.

Moolenaar aliporudi Uholanzi aliufungamanisha mji huo na programu yake kwa namna ambayo haina mfano katika historia ya vihariri. Aliifanya Vim iwe programu ya hisani: mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuinakili bila malipo, lakini anaombwa kuchangia watoto wa Kibaale kupitia asasi ya ICCF Holland. Ombi hilo liliwekwa katika skrini ya kwanza inayofunguka, likimsihi mtumiaji awasaidie watoto maskini wa Uganda, na neno Uganda likawa ufunguo wa kufungulia ukurasa wa maelezo katika mwongozo wa programu. Kwa kuwa Vim husambazwa pamoja na mifumo mingi ya Linux na kwa muda mrefu imekuwa ndani ya kompyuta za Mac, hakuna maandishi mengi kuhusu Afrika Mashariki yaliyofunguliwa katika kompyuta nyingi kuliko ombi hilo.

Tathmini ya jambo hili inahitaji uangalifu. Ada za shule zilizolipwa zilikuwa ada za kweli, na watoto waliosoma kwa fedha hizo hawakuwa na sababu ya kuulizia itikadi ya picha yao. Kwa upande mwingine, kuna ukweli ambao wasifu wa Moolenaar huupita haraka. Wafadhili waliojiandikisha waliweza kupiga kura kuhusu vipengele vipya ambavyo Vim iongezewe. Mtu wa Ulaya au Marekani aliyetoa mchango alipata sauti katika mustakabali wa chombo. Mtu wa Afrika Mashariki alikuwamo katika mpango huohuo, lakini nafasi aliyowekewa ilikuwa ya kupokea. Haikufikiriwa, angalau katika maneno ya skrini ile, kwamba anayeisoma anaweza kuwa kijana wa Rakai, wa Bukoba au wa Singida anayeandika msimbo wake mwenyewe. Kijana wa Mwankoko anapoifungua Vim leo anakutana na jirani yake aliyetajwa kwa umaskini tu, katika chombo ambacho yeye amekichagua kwa sababu ya ufanisi wake.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Uendelezaji wa Vim ulichukuliwa na wasaidizi wake, na toleo la 9.1 la Januari 2024 lilitolewa kwa kumbukumbu yake. Dhima ya kukusanya michango ya Kibaale imehamia kwa asasi ya Kanada iitwayo Kuwasha, na kwa njia hiyo kitenzi cha Kiswahili kimeingia katika maelezo ya programu.

7.0 Nani mwenye chombo?

Wakati Vim ikiendelea kukua, utengenezaji wa tovuti ulikuwa na mkondo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 programu kama FrontPage ya Microsoft na Dreamweaver ya Macromedia, iliyotoka mwaka 1997, ziliahidi kuwa mtu angeweza kutengeneza tovuti bila kugusa msimbo. Zilikuwa za kulipia kwa dola, na bei yake ilikuwa mbali na kipato cha fundi wa Kitanzania. Notepad++ ya mwaka 2003, iliyoandikwa na Don Ho, ilikuwa ya bure, yenye ukubwa wa megabaiti chache, na iliweza kubebwa katika flashi na kuendeshwa katika mashine dhaifu. Sifa hizo tatu zinatosha kueleza kwa nini ilipendwa.

Baada ya mwaka 2010 kampuni kubwa ziliingia katika uwanja huu kwa kutoa vihariri bure. Adobe ilitoa Brackets kwa watengenezaji wa tovuti. GitHub ilitoa Atom mwaka 2014. Microsoft ilitangaza Visual Studio Code mwezi Aprili 2015, na toleo la 1.0 likatoka mwaka uliofuata. Atom na Visual Studio Code zilijengwa juu ya msingi uleule, Electron, ambao hubeba ndani yake kivinjari kizima. Faida yake ni kwamba mtengenezaji wa tovuti anaweza kukirekebisha kihariri kwa lugha zilezile anazotumia katika kazi yake. Gharama yake ni kumbukumbu ya mashine, na kifurushi cha kupakua kinachokaribia megabaiti 100, bila kuhesabu viongezi na masasisho ya kila mwezi. Kwa mtu wa bando, kila sasisho ni matumizi ya fedha taslimu.

Jambo lililofuata lilipaswa kuzungumzwa zaidi katika vyuo. Mwaka 2018 Microsoft iliinunua GitHub, na hivyo kuwa na vihariri viwili vinavyoshindana. Tarehe 15 Desemba 2022 Atom ilifungwa rasmi. Brackets ilikuwa imeachwa na Adobe tangu Septemba 2021. Zote mbili zilikuwa programu huria, na msimbo wake ulibaki wazi kwa yeyote; lakini uwazi wa msimbo hauna maana kubwa kwa mwalimu mmoja mwenye maabara ndogo, ambaye amewafundisha wanafunzi wake kwa chombo hicho na kuandika kwacho maelezo ya somo. Wakati huo Visual Studio Code ilikuwa imeshatawala: katika uchunguzi wa Stack Overflow wa mwaka 2023, takriban asilimia 74 ya waliojibu walisema wanaitumia. Utawala huo una sababu nzuri. Inasaidia lugha nyingi, hukamilisha maneno ya msimbo, huonyesha makosa kabla ya programu kuendeshwa, na viongezi vyake vinaweza kupakuliwa mara moja, kuwekwa katika flashi na kugawanywa darasani. Kwa mwanafunzi mwenye mashine ya kutosha na mwalimu anayeitumia, kumshauri aikwepe kungekuwa ukaidi. Hata hivyo, mtaala unaofundisha kihariri kimoja tu unauweka mustakabali wake mikononi mwa bodi ya kampuni moja, na mfano wa Atom hauna hata miaka kumi.

Vim na Emacs zimedumu kwa njia nyingine. Zimepita katika mikono ya watu, si ya wamiliki. Mrithi wa Moolenaar hakuhitaji kibali cha idara ya biashara.

8.0 Lugha ya chombo

Limebaki sharti la lugha, ambalo kwa Tanzania ndilo lililofanyiwa kazi kwa bidii kisha likaachwa njiani. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, ikiwa na menyu na ujumbe kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office katika kipindi hicho. Kazi hizo ziliunda istilahi ambazo bado zinatumika. Lakini zote zililenga mtu wa ofisini, anayeandika barua na kupanga hesabu. Mtunzi wa programu hakufikiriwa kuwa msomaji wa Kiswahili. Vifurushi rasmi vya lugha vya Visual Studio Code vina Kifaransa, Kituruki, Kijapani, Kicheki na vingine kadhaa, Kiswahili hakimo.

Pingamizi la kawaida ni kwamba lugha zenyewe za programu zina maneno ya Kiingereza, kwa hiyo kukifasiri kihariri hakusaidii. Pingamizi hilo linachanganya mambo mawili. Maneno ya msimbo ni machache na hukaririwa kama alama za hisabati; mwanafunzi wa Japani huyajifunza bila Kiingereza cha mazungumzo. Ujumbe wa makosa ni jambo jingine. Huo ni sentensi kamili, mara nyingi yenye sharti na sababu, inayomweleza mtu kitu ambacho hakikutarajiwa. Mtoto wa Mwankoko amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuingia sekondari ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Anapoanza kuandika msimbo, kihariri humsahihisha mara nyingi kwa saa moja kuliko mwalimu kwa muhula, na humsahihisha kwa lugha ambayo yeye bado anaisoma kwa kubahatisha. Matokeo yake ni tabia inayofahamika katika maabara nyingi: mwanafunzi anaona mstari mwekundu, hasomi kilichoandikwa chini yake, anafuta mstari mzima na kuanza upya.

Katika hilo ed ya mwaka 1969, yenye alama yake moja ya kuuliza, iliwatendea watu wa lugha zote sawasawa. Vihariri vya leo vinajua mengi zaidi kuhusu kosa na vinayasema yote kwa Kiingereza. Kuyafasiri hakuhitaji mtambo wala mkongo mpya. Kunahitaji orodha ya sentensi elfu kadhaa, istilahi zilizokubaliwa na BAKITA, na idara za Kiswahili na za kompyuta kukaa meza moja, kama zilivyokuwa karibu kufanya mwaka 2004.